Mtalii wa Mbio

Meli ya kitalii ikifunga gati Malindi, Unguja, asubuhi, mgeni huteremka na ratiba iliyobanwa kuliko ya waziri: mashamba ya viungo, kobe wa Changuu, kanisa la Mkunazini, duka la kanga, kisha mbio kurudi kabla ngazi haijapandishwa. Kobe, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli, humtazama tu. Hawajui kwa nini mtu alipe pesa zote hizo ili ahemewe.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 lililoporomoka sehemu yake Desemba 2020, yeye hulipiga picha dirishani, gari likiwa mwendoni. Ya maajabu yenyewe atayasoma melini.

Kinachoniuma hasa ni mlo. Kashuka kisiwa cha urojo na pweza wa nazi, lakini saa saba anaharakishwa arudi kula tambi, maana zimeshalipiwa! Na Forodhani je? Wauza mishikaki huwasha mkaa jua likielekea kuzama, na saa hizo bwana mkubwa yuko sitahani, anatupungia mkono.

Mgeni wetu, chagua jambo moja. Keti barazani, agiza kahawa chungu na kashata, usikilize wazee wakibishana mpira. Ila uangalie saa: nahodha hulisubiri basi la ziara iliyonunuliwa melini, hamsubiri aliyejitembeza mwenyewe.