Jinsi ya Kushinda Urais wa Mexico Ukiwa Mtu wa Mrengo wa Kushoto

Anza kwa kushindwa. Usihangaike na njia ya mkato, haipo. Na kama unataka kushindwa kunakofundisha, chukua mwaka 1988.

Wakati huo chama cha PRI kilikuwa madarakani tangu 1929, kikibadilisha majina tu. Rais aliyekuwa anamaliza muda ndiye aliyemnyooshea kidole mrithi wake, na kila mtu alijua kwamba siku ya kidole ndiyo siku ya uchaguzi wenyewe. Kwa hiyo tafuta mgombea ambaye wakubwa hawawezi kumwita mgeni. Cuauhtémoc Cárdenas alikuwa mtoto wa Lázaro Cárdenas, rais aliyewagawia wakulima ardhi na kuyataifisha mafuta mwaka 1938. Alijitoa PRI, akaungwa mkono na vyama vya kushoto, na tarehe 6 Julai watu walijitokeza kumpigia kura. Usiku, matokeo yakiwa yanasubiriwa, wakuu wa uchaguzi walisema mfumo wa kompyuta umekwama. Uliporudi, mshindi alikuwa Carlos Salinas wa PRI, kwa asilimia 50 na ushei. Karatasi za kura zilifungiwa katika jengo la Bunge, na mwaka 1991 wabunge wa PRI wakisaidiwa na wale wa PAN, chama cha kulia, walipitisha ziteketezwe. Hakuna atakayezihesabu tena.

Usiende msituni. Unda chama. PRD kilizaliwa mwaka 1989 kutokana na hasira ile, na katika miaka iliyofuata mamia ya wanachama wake waliuawa, wengi wao watu wa vijijini wasiojulikana nje ya wilaya zao. Mwongozo wowote unaoruka makaburi hayo ni wa uongo.

Sasa jifunze wizi wa kura, maana huwezi kuziba tundu usilolijua. Wamexico wana majina ya kila mbinu. Sanduku lenye mimba ni lile linaloingia kituoni likiwa limeshajazwa. Panya kichaa ni wewe mwenyewe: unafika kituoni jina lako halimo, unaelekezwa kituo cha pili, huko nako halimo, unazungushwa hivyo mpaka jua linazama. Tamali ni ile asubuhi mnapoalikwa kwa mjumbe wa mtaa, mnapewa kifungua kinywa cha unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake, mnahesabiwa vichwa, kisha mnasindikizwa kwenda kupiga kura mkiwa kundi. Njaa ya mtu ndiyo inayofanya mbinu hii ifanye kazi, na ndiyo maana vita ya kura na vita ya mshahara ni vita moja.

Dawa ya wizi huo ilidaiwa kipande kwa kipande katika miaka ya 1990, na si na watu wa kushoto peke yao. Tume ya uchaguzi iliondolewa mikononi mwa serikali. Kituoni, wanaopokea na kuhesabu kura ni majirani waliopatikana kwa kura ya bahati nasibu, wakapewa mafunzo. Sanduku linaonyesha ndani. Kidole gumba kinapakwa wino usiofutika. Jioni kura zinahesabiwa palepale, na karatasi kubwa ya matokeo inabandikwa ukutani nje ili mpita njia aisome. Karatasi ile ya ukutani ni silaha kubwa kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia.

Kisha shindwa tena. Mwaka 2006 mgombea wa kushoto, Andrés Manuel López Obrador, alitangazwa kushindwa kwa kura kama 244,000 kati ya milioni 41 hivi, baada ya matangazo ya televisheni kumwita hatari kwa Mexico. Wafuasi wake walipiga kambi kwa wiki kadhaa katika barabara ya Reforma, jijini Mexico City, wakidai kura zihesabiwe upya moja baada ya nyingine. Mwaka 2012 alishindwa mara ya tano kama hesabu ni ya mrengo tangu 1988, mara ya pili kwake. Akaendelea kuzunguka wilaya kwa wilaya. Chama chake kipya, Morena, kilisajiliwa mwaka 2014, na mwaka 2018 kikachukua urais kwa asilimia 53.

Ukishashika dola, lipa watu. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa peso 88.36 kwa siku mwaka 2018. Mwaka 2024 kilikuwa 248.93. Wataalamu walionya kwamba bei zitapaa na ajira zitakufa, na yaliyotokea ni kwamba watu milioni 13.4 walitoka katika umaskini katika kipindi hicho. Wazee wakapata pensheni bila kumlamba mtu miguu. Ndiyo sababu Claudia Sheinbaum wa Morena alipata karibu asilimia 60 mwaka 2024, akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza nchi hiyo.

Hatua ya mwisho ndiyo inayoniuma: wafungie mlango waliokuibia. Hawakufungiwa. Waziri wa mambo ya ndani aliyesimamia uchaguzi wa 1988 alikuwa Manuel Bartlett. Mwaka 2018 López Obrador alimkabidhi shirika la umeme la taifa. Magavana wa zamani wa PRI wamehamia Morena wakipokewa kwa makofi. Mwaka 2025, majaji walipochaguliwa kwa kura za wananchi, ni asilimia 13 tu waliojitokeza, na mitaani vikagawiwa vikaratasi vyenye orodha ya majina ya kuchagua. Kile ni kidole cha zamani kilichochapishwa.

Na wako walioachwa nje kabisa. María de Jesús Patricio, mwanamke wa Kinahua anayejulikana kama Marichuy, alitaka kugombea urais wa 2018 kwa niaba ya jamii za wenyeji asilia. Alitakiwa kukusanya saini 866,593 kwa programu ya simu, katika vijiji ambavyo simu ya kisasa ni anasa na mtandao haushiki. Hakufikisha. Chama kinachojiita cha maskini hakina budi kuibadilisha kanuni hiyo.

Sheinbaum alipopeleka mswada wa kuzuia ndugu kurithishana vyeo kuanzia 2027, maseneta wa muungano wake wenyewe waliusogeza mpaka 2030. Uchaguzi wa wabunge ni mwaka huo huo wa 2027. Mliolala Reforma mwaka 2006, zidaini orodha za wagombea sasa, zisomeni jina kwa jina, na mkatae kila mrithi kabla hajafika kwenye karatasi ya kura.