Mtalii wa Kasulo

Kasulo, wilayani Ngara, ni kata ambayo wengi wameipita na wachache wameikusudia. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupumzika Benaco kabla ya kuteremka Rusumo na kuingia Rwanda. Benaco yenyewe ina jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Karne moja kabla yao, Mjerumani von Götzen alipita hukohuko na msafara wake.

Wote hao walikuwa na shida iliyowaleta. Mtu asiye na shida ndiye anayetia wasiwasi.

Basi kijana mmoja wa Dar akashuka Benaco na buti jipya, kofia pana na begi la maji. Alikuwa na likizo, na rafiki aliyesoma naye alimwambia nyumbani kwao kuna milima, ndizi na wazee wenye hadithi. Hajamaliza kushusha begi, mwenyekiti wa kitongoji kafika.

“Karibu, mwanangu. Umekuja kwa shughuli gani?”

“Shikamoo mzee. Nimekuja kutembea tu.”

“Marahaba. Kumtembelea nani?”

“Hapana, kutembea kwa miguu. Milimani.”

Mzee akalitazama lile buti kwa muda. Huku ni mpakani. Mgeni anayepanda milima bila mbuzi wala jembe lazima aelezwe vizuri. Kufika jioni, kijiji kilikuwa kimeshajieleza chenyewe: mgeni anatafuta shamba. Wengine wakashikilia kuwa ni mtu wa madini, kwa sababu Kabanga, wilayani humohumo, kuna nikeli.

Chakula kilimpokea vizuri zaidi kuliko watu. Ndizi zilizopikwa na maharage, moto, zikifuka mvuke kwenye sinia. Shida ni kwamba bibi wa nyumba aliyofikia alichukulia sahani tupu kuwa malalamiko. Kijana akimaliza, inaongezwa. Akiacha, anaulizwa kama anaumwa.

Kisha ikaja pombe ya ndizi. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, juisi ikachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, ikaachwa ichachuke. Mwenye nyumba akaonja kwanza, kama ilivyo desturi, kisha akampa mgeni mrija. Mgeni akatoa kitambaa akaufuta. Wazee wakanyamaza kabisa. Kwa aibu akavuta kwa nguvu, tena na tena, kuonyesha kwamba hana kinyaa. Pombe hiyo ni tamu, na utamu ndio hila yake: kichwa kinabaki kizima, miguu ndiyo inayoaga. Akasindikizwa kitandani na watoto wawili.

Kesho yake akapelekwa kuyaona maporomoko ya Rusumo, karibu na mahali mto Ruvubu unapokutana na Kagera, na ambapo sasa kuna mtambo wa megawati 80 ambao umeme wake hugawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwenye kupanda kilima, bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alimpita, akamsalimu, akampa pole, akapotea mbele. Buti jipya lilikuwa limeshamchubua visigino vyote viwili.

Pale mpakani magari yanayovuka hubadili upande wa barabara, kwani Rwanda huendesha kulia. Saa nazo hubadilika: Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ya kijana ikanasa mtandao wa ng'ambo, ikajirudisha nyuma kimyakimya. Naye, kwa kuogopa gharama, akazima mawasiliano yote mpaka atakapopanda basi la kurudi.

Basi lilikuwa la saa 12 asubuhi. Alifika kituoni simu ikisema saa 11 na nusu, na giza likakubaliana na simu, kwani jua la Ngara huchelewa kuliko la Dar kwa kama nusu saa.

“Limeshaondoka, kaka,” akasema muuza chapati.

“Si bado nusu saa?”

“Labda la Kigali.”

Akarudi akichechemea. Bibi alishainjika ndizi nyingine, na barazani palikuwa na mzee asiyemfahamu, kashika kamba ya kupimia.

“Nimesikia umeghairi safari,” akasema. “Shamba langu lina maji.”