Namna ya Kuua Violeti ya Usambara Ukiwa Dodoma

Uhamisho umetoka, familia imehamia Ilazo, sebule inadai ua. Waridi la jangwa achana nalo. Linavumilia jua na ukame kimyakimya, halitakupa hata mada ya kuzungumza na wageni. Nunua violeti ya Usambara, ile ya majani ya manyoya na maua ya zambarau. Porini huota kivulini, kwenye nyufa za miamba kando ya vijito vya Amani, huko kwenye milima ya Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao, na tangu hapo imejaa madirishani Ulaya na Marekani. Kwako ishindwe kwa nini?

Kwanza andaa kisingizio. "Hili ni ua la milimani" usikitumie: Amani iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, Dodoma mita 1,100 na ushei. Umelipandisha ua, hujalishusha. Linalolikosesha raha ni ukavu, maana Amani hunyeshewa kama mara tatu ya Dodoma, na mwezi wa nane hewa yetu hukausha hata midomo.

Sasa kazi ianze. Iweke baraza la magharibi, jua la saa tisa liichome hadi majani yaparare. Upepo ukishayajaza vumbi, yamwagie maji baridi papo hapo, upate madoa ambayo hayatoki tena. Kisha mwagilia asubuhi na jioni, katikati kabisa, moyo uoze. Hapo majani yatalegea kama yenye kiu, nawe kwa huruma utaongeza maji. Mizizi iliyooza hainywi, ndiyo maana mmea unanyauka huku udongo umelowa chepechepe. Wengi huulia hapa, tena kwa upendo.

Mwenye subira atumie maji ya kisima yenye chumvi. Baada ya muda ukingo wa chungu huota ukoko mweupe, na kila kikonyo kinachouegemea huungua palepale kinapogusa. Jani linaanguka likiwa bado kijani. Watu watasema umerogwa.

Ukishupalia iishi, haya: dirisha la mashariki lenye pazia jepesi, udongo mwepesi usiotuamisha maji, na maji ya mvua uliyokinga kwenye simtanki, ya uvuguvugu, yawekwe kwenye sahani chini ya chungu. Ikishakunywa dakika 30 hivi, mwaga yaliyobaki. Usirudie hadi udongo wa juu ukauke.

Jirani akikuomba jani, mpe bila kinyongo. Jani moja na kikonyo chake, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, huchipua vijimche baada ya miezi miwili au zaidi. Yako ikifa, utajua pa kwenda kuomba.