Sifa za Omba-omba wa Stendi

Bendera hatuna omba-omba, na hilo ni pengo katika maendeleo ya kata yetu. Mtu hawezi kuomba mahali anapojulikana. Akinyoosha mkono tu, anaulizwa yeye ni mtoto wa nani, kisha anatajwa babu yake, deni la babu yake, na shamba la mpunga linalosubiri palizi. Ndiyo maana, tukitaka kumwona bingwa akiwa kazini, inatubidi tupande gari, tuzipite Ndungu, Maore na Kisiwani, tukashuke stendi ya Same.

Pale anafanya kazi ngumu kuliko zote nchini: kumwomba Mpare. Watani wetu wanatusema tangu zamani kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sikanushi, nikikanusha nitadaiwa ushahidi. Sasa mtazame mtu anayemsogelea mwenye sifa hizo, saa saba mchana, jua la Same likichoma, akaondoka na mia mbili mkononi. Wenye shahada za masoko wangepelekwa kwake wakajifunze.

Halafu uone alivyo mkarimu wa vyeo. Nyumbani mimi ni baba fulani tu. Stendi, kabla sijashusha mguu wa pili, nimeshakuwa bosi. Nikisita kidogo, mkubwa. Nikiingiza mkono mfukoni, mheshimiwa. Hakuna fomu ya kugombea wala kura za maoni. Nikipita bila kutoa kitu navuliwa vyote, na jina ninalopewa badala yake haliandikiki hapa.

Sheria haimpendi. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu pamoja na wazembe na wafanya fujo. Mzembe! Mtu anayeliwahi basi la kwanza na kuliaga la mwisho, bila likizo. Mwaka 1983 operesheni ya Nguvu Kazi iliwakusanya Dar es Salaam wote walioonekana hawana kazi, ikawapeleka mashambani. Aprili 2016 Mkuu wa Mkoa, Paul Makonda, akaamuru omba-omba waondoke jijini. Wakaondoka, wakarudi. Na omba-omba Matonya, aliyetoka Dodoma, jina lake limekuwa jina la kila aombaye. Nitajieni waziri aliyefika hapo.

Wasafiri wanalalamika kwamba ni kero, anavuta shati, anaziba mlango wa basi. Ni kweli. Lakini mpimeni na kamati ya harusi. Yeye anataka mia mbili, ukimnyima anahamia kwa mwingine. Kamati inakuingiza kwenye grupu la WhatsApp bila kukuuliza, inakupangia elfu hamsini, inabandika jina lako kila asubuhi mbele ya wakwe zako pamoja na kiasi unachodaiwa, na ukishamaliza kulipa unaletewa kadi ya single, mama watoto abaki nyumbani. Omba-omba hana mwenyekiti wala mweka hazina. Hajawahi kunipigia saa nne usiku kuniuliza, "Kaka, ile ahadi yako vipi?"

Kasoro yake ni chenji. Mpe noti ya elfu tano umwombe akurudishie elfu nne na mia nane, masikio yanaziba palepale. Ugonjwa ambao, kwa haki, makonda wa stendi hiyohiyo nao wanao.