Mkongwe na Duru ya Pili
Kura za maoni, yaani kura ambazo wanachama hupiga wao kwa wao ili kumpata mgombea wa chama kabla ya uchaguzi wenyewe, kwa kawaida hazina duru ya pili katika Chama cha Mapinduzi (CCM) cha Tanzania. Walakini mkongwe wa siasa wa wilaya ya Karatu au ya Ngorongoro, mkoani Arusha, anajua kwamba duru hiyo ipo, na kwamba huchezwa katika vikao vya juu vya chama, mbali na vitunguu vya Mang'ola na ng'ombe wa Loliondo.

Duru ya kwanza humtoa jasho, kwa kuwa hulazimika kukumbuka ghafla majina ya wajumbe wote wanaopiga kura hizo, pamoja na ya wajukuu wao, na kuwahi mbele kabisa katika misiba ya watu ambao kwa miaka minne hakupokea simu zao. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliruhusiwa kisheria mwaka 2000 hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Bahasha ya takrima ikabadili jina ikawa nauli, hata kwa mjumbe anayeishi nyuma ya ukumbi.

Duru ya pili haina vumbi. Mwaka 1995 mwanasiasa Willibrod Slaa aliongoza kura za maoni za CCM Karatu, vikao vikampitisha mwingine. Slaa akahamia chama cha upinzani cha CHADEMA, akalitwaa jimbo na kulishika miaka 15, jambo ambalo mkongwe makini hulitaja kwa sauti ya chini, kama ajali ya barabarani, huku akifunga begi la safari ya vikao vya Dodoma.