Mnazi Kichwani mwa Mama Mkwe

Ile picha ilikaa ukutani kwa mama mkwe, Pangani, miaka mitatu kabla mtu yeyote hajaniambia ukweli. Niliipiga mwenyewe kwa simu, nikaisafisha kwa saizi kubwa, nikaitia fremu ya rangi ya dhahabu, nikaikabidhi kwa mikono miwili kama anayepeleka posa. Mama mkwe amesimama uani, kanga mpya, uso mkunjufu. Mimi niliuona uso tu. Wageni wote waliopita pale waliona mnazi. Mti wenyewe ulikuwa hatua thelathini nyuma yake, lakini pichani umemwota katikati ya utosi, makuti yametanda huku na huku, na madafu manne yananing'inia juu ya sikio la kulia.

Aliyevunja kimya ni mpwa wangu, binti wa dada, anayesomea upigaji picha. Tulikwenda pamoja kumchukua mama mkwe kumleta Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho. Binti alisimama mbele ya ukuta ule kwa muda, kisha akasema taratibu, "Mjomba, bibi ameota mti."

Mama mkwe alikuwa akifunga mzigo wake. "Nilidhani ndivyo ulivyokusudia, baba," alisema bila kugeuka. "Nikasema labda ndiyo mtindo wa mjini."

Binti akaendelea kuhesabu. Nyumba imelala upande kama jahazi linalozama. Kamba ya nguo imepita shingoni. Na chini kushoto kuna mguu hauna mwenyewe, umekatwa gotini, umevaa ndara ya bluu. "Mjomba, wewe unatazama lakini huoni. Kabla hujabonyeza, jicho lizunguke pembe nne za picha, kama mlinzi anavyozunguka ua."

Njiani akaniandikia dawa: filamu za zamani, tena nyeusi na nyeupe. Ukitaka kujua watu wanavyopanga vitu ndani ya fremu, alisema, watazame wale ambao hawakuwa na rangi ya kukudanganyia.

Lazima nieleze elimu yangu ya sinema ilikoishia. Niliipata kwenye banda umiza, Temeke: mabenchi ya mbao, televisheni moja, watu sitini, feni hakuna, na mtafsiri aliyeongea juu ya sauti za wachezaji tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo hakuna aliyefungua mdomo. Katiba ya banda ilikuwa na ibara moja: stelingi hafi. Apigwe risasi kumi, zote zitapita begani. Baba yangu alisoma shule bora zaidi, yaani kumbi za Avalon, Empire, Cameo, na ile sinema ya magari ya Msasani iliyofunguliwa 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo. Alikuwa akisema Raj Kapoor ndiye aliyemfundisha kutongoza. Mama alikuwa akisema mwanafunzi yule alifeli.

Basi binti akatundika shuka jeupe sebuleni kwangu na kuwasha projekta ya kuazima. Sijui nani alipeleka habari mtaani kwamba kuna picha la Kijapani. Saa moja usiku watoto kumi na mmoja walikuwa wameshajipanga mkekani, wawili wamejifunga vitambaa usoni kama maninja.

Filamu ilikuwa Tokyo Story ya Yasujirō Ozu, ya mwaka 1953, dakika 136. Wazee wawili wanatoka mji wa Onomichi kwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao. Watoto wana shughuli nyingi. Wazee wanakaa. Wanakunja nguo. Wanakaa tena. Hakuna anayepigwa hata kofi.

"Baba, wataanza saa ngapi?" mtoto wa jirani akaniuliza.

"Kuanza nini?"

"Kupigana."

Nikamwambia asubiri, maana hata mimi nilikuwa nasubiri.

Mpwa wangu alininong'oneza nitazame kamera ilipo. Iko chini, usawa wa mtu aliyeketi mkekani, na karibu haisogei kabisa. Imekaa kitako kama mgeni mwenye adabu, haimkodolei mtu macho, haifuati watu chumbani. Milango na nguzo za nyumba zinatengeneza fremu ndani ya fremu, na mtu akitoka, kamera inabaki inatazama chumba kitupu. Maelezo yalikuwa matamu sana. Nikasinzia.

Nilizinduliwa na sauti ya mtafsiri. Kwa sekunde chache nilidhani nimerudi Temeke. Kumbe ni mama mkwe, jicho moja limefunikwa bandeji, maandishi ya Kiingereza chini ya picha hayamhusu hata kidogo, anawasimulia watoto. "Wamewapeleka hotelini huko, si kwa mapenzi, wamewachoka. Huyu binti mwenye saluni ana mkono wa birika. Mwenye utu hapa ni huyu mkwe, na mumewe alishakufa." Nikamtazama mpwa wangu. Akatikisa kichwa: kila neno ni sahihi. Wazee wamepelekwa Atami, kwenye chemchemi za maji moto, ili wapishe nafasi. Na anayewapokea kwa moyo ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa ameondoka mkekani.

Kisha bibi wa kwenye filamu akafa, na mkeka wote ukachafuka. "Stelingi kafa! Bibi, stelingi kafa!"

"Aliyekufa kapumzika," mama mkwe akasema. "Stelingi ni huyo aliyebaki na kipepeo."

Kwenye shuka, yule mzee alikuwa ameketi peke yake, anajipepea. Mama mkwe akamtazama kwa lile jicho moja. Baba mkwe tulimzika mwaka juzi. "Nyumba imeshakuwa kubwa hiyo," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Baada ya usiku ule darasa likawa la kudumu, na mimi ndiye mwanafunzi wa mkiani. Tulitazama Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica ya 1948, ambamo mchezaji mkuu hakuwa mchezaji bali mfanyakazi wa kiwandani, na ambamo stelingi, baada ya kuibiwa baiskeli, mwishoni anaiba yeye. Mjadala wa watoto kuhusu jambo hilo ulivunjwa na mama zao kwa fimbo. Tulitazama Pather Panchali ya Satyajit Ray, 1955. Mpwa wangu akasimulia kwamba Ray alianza kupiga tukio la watoto wawili kwenye bonde la maua meupe, aliporudi kumalizia akakuta ng'ombe wameyala yote, ikabidi angoje yachanue tena msimu mwingine. "Ng'ombe wa nani?" mama mkwe akauliza. Hadi leo anaona mwenye ng'ombe hakushughulikiwa ipasavyo.

Kwa upande wa picha za mnato nilipewa Henri Cartier-Bresson. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, alimnasa mtu akiruka dimbwi, kisigino hakijagusa maji, kivuli chake kinamngoja chini, na ukutani kuna bango la mcheza dansi anayeruka vilevile. Nilijifunza pia kwamba kilichomwasha Mfaransa huyo ni picha ya Martin Munkácsi ya wavulana watatu wakikimbilia mawimbini, ijulikanayo kama ya Ziwa Tanganyika. Nikaipeleka kwa majivuno kwa kinyozi wangu, mtu wa Ujiji. Aliishika simu kwa mkono mmoja, mashine ya kunyolea kwa mwingine. "Hapa si kwetu," akasema, "haya mawimbi yana chumvi." Nilimcheka. Baadaye nikakuta viko vitabu vinavyoiandika kuwa ni ya Liberia, na tangu hapo sijarudi kwa kinyozi yule.

Masika yalipoingia, nikaenda kutafuta dimbwi langu. Nililipata zuri, nyuma ya kituo cha daladala, lenye kivuli cha nguzo na ukuta wenye tangazo la rangi za nyumba. Nikachuchumaa. Dosari ya mpango wangu ni kwamba watu wa Dar es Salaam hawaruki dimbwi. Wanalizunguka. Wanapanga matofali. Wenye viatu vya ngozi wanalipa vijana wawabebe mgongoni. Baada ya saa nzima mama muuza maandazi akaja kuniuliza, kwa huruma, kama kuna kitu kimenidondokea humo. Nikamwambia nangoja mtu aruke. Akanitazama, akarudi akanong'ona na mwenzake, nikaletewa andazi la bure. Hatimaye ikaja bodaboda, ambayo nayo haikuruka. Ilipita katikati. Picha ninayo: ni ya tairi. Simu ililala ndani ya mchele siku mbili, na mchele huo mke wangu alikataa kuupika.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikatazama Citizen Kane.

Orson Welles alikuwa na umri wa miaka 25 alipoipiga filamu hiyo iliyotoka 1941, na mpiga picha wake, Gregg Toland, alifanya vitu viwili vilivyoniharibia jina ukweni. Cha kwanza, alihakikisha kila kitu kinaonekana wazi, cha karibu na cha mbali: mama anatia saini ya kumtoa mwanawe huku nyuma, dirishani, mtoto mwenyewe anacheza kwenye theluji, hajui kitu. Cha pili, aliiweka kamera chini kabisa, hata sakafu ya studio ikakatwa iingie ndani, mtu aonekane kama mnara na dari juu yake. Dari zenyewe zilikuwa za kitambaa, vipaza sauti vikafichwa nyuma yake.

Dari za kitambaa! Mtu yeyote aliyewahi kuingia kwenye ukumbi wetu wa sherehe ataelewa kwa nini nilipandwa na wazimu.

Shemeji yangu mdogo alikuwa na sendofu wiki hiyo. Nikaiomba kamati mchango wangu uwe picha za mnato badala ya fedha, na kamati, kwa uchovu, ikakubali. Bi harusi mtarajiwa alipoingia ukumbini, mimi nilikuwa nimelala chali kwenye kapeti jekundu, simu kifuani. Sikuwa nimewaza kwamba nyuma ya bi harusi huja mashangazi, na kwamba mashangazi hawaji kwa miguu, huja kwa kuserebuka, zawadi kichwani, macho kwenye zawadi. Wa kwanza alinikanyaga mkono. Wa pili akanirukia vizuri sana, kisigino hakijagusa chini, Cartier-Bresson mtupu, lakini mkono wangu ndio ule uliokanyagwa. Wa tatu akapiga yowe, "Mkwe kaanguka!" Nikamwagiwa chupa mbili za maji. Mshereheshaji akazima muziki na kuuliza kwenye kipaza sauti kama ukumbini kuna daktari. Walikuwapo wawili.

Picha zilikuwa 212. Mia moja na arobaini ni za dari. Zilizobaki bi harusi anaonekana kama waziri anayezindua daraja, matundu ya pua wazi. Nyuma yake, kwa kuwa lenzi ndogo ya simu huonesha mbali na karibu kwa pamoja bila kuombwa, anaonekana wazi kama mchana mzee mmoja mheshimiwa wa ukoo akitia mapaja ya kuku kwenye mkoba wa mkewe. Mpwa wangu alisema hiyo moja ina mpangilio mzuri kweli. Mweka hazina wa kamati aliitazama, akaniandikia mchango wangu upya kwenye daftari, safari hii kwa shilingi.

Nikaamua kujisafisha kwa kurudi mwanzo. Mama mkwe alishapona macho yote mawili na kurudi Pangani, na mpwa wangu alinifundisha programu ya kufuta vitu pichani. Nilikesha usiku wa siku tatu. Niliung'oa ule mnazi kuti kwa kuti. Niliinyoosha nyumba. Niliondoa kamba ya nguo na ule mguu. Nikamsogeza mama mkwe kwenye theluthi ya kulia, kwa kuwa ile kanuni ya kugawa picha kwa tatu tayari ilikuwa imeandikwa na Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797 na mimi si mtu wa kubishana na wazee. Mpwa wangu akaitazama muda mrefu. "Mjomba," akasema, "sasa unaona." Fremu ya safari hii ilikuwa ya mninga.

Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, na nikashuhudia macho yake mapya yakizunguka pembe nne za picha, moja baada ya nyingine, kama mlinzi.

"Nyumba imenyooka," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mnazi umeukata."

"Nimeukata, Mama."

"Na mguu?"

"Mguu upi, Mama?"

"Mguu wa mzee."

Ndipo nikakumbuka. Siku ile baba mkwe alikuwa ameketi barazani, kando ya mkewe, akakataa kupigwa picha kwa sababu hajanyoa. Nikamwambia, "Sogea kidogo, Baba, usije ukaingia." Akasogea, mwili wote isipokuwa mguu. Picha yake nyingine iliyopo ni ile ya kitambulisho, ambayo mama mkwe anasema si yeye.

Alinishukuru sana. Alinipa samaki wa kukaanga wa kurudi nao mjini, akawasalimu wajukuu. Ile picha ya zamani haikutoka kwenye msumari wake, na sikuthubutu kuuliza.

Mwezi uliofuata nilipita tena Pangani, nikaenda uani kuteka maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa umefunikwa kwa fremu ya mninga, uso wa picha juu, ili vumbi lisiingie. Imelingana na mdomo wa mtungi sawasawa. Aliiweka katikati kabisa.