Mbari za Uamuzi kwenye Barabara ya Bafwasende

Elimu ya uamuzi ina makao yake Pittsburgh, ambako Herbert Simon, mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 1978, alifundisha kwamba binadamu hatafuti kilicho bora kuliko vyote. Akipata kinachotosha, hutulia. Kisangani, nchini Kongo, nayo haikubaki nyuma. Chuo chake kilianza mwaka 1963, na vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa mwaka 1971 kikaachiwa saikolojia na elimu ya ualimu. Kikawa pia na CRIDE, kituo cha kuchanganya taaluma. Benoît Verhaegen, aliyefundisha huko, alitaka historia iandikwe pamoja na walioitenda, wangali hai. Tumemtii: tumeiacha maktaba, tukafuata Barabara ya Taifa Namba 4 hadi Bafwasende, kiasi cha kilomita 260, mvua zikiwa zimekolea. Uamuzi tuliokutana nao njiani tumeugawa katika mbari nne.

Mbari ya kwanza ni uamuzi wa shofere mbele ya tope. Lori limebeba magunia, juu ya magunia abiria, juu ya abiria mbuzi (mbuzi tumemtengea juzuu lake). Kwa mujibu wa vitabu, shofere hupima faida na hasara. Kwa mujibu wa tope, humsubiri mwenzake. Anayetangulia akinasa, wote walijua. Akivuka, wote walikuwa wameshawasha injini. "Papa, wewe ndiye mkubwa, tangulia," anaambiwa mwenye mvi, na heshima hiyo, tunabaini, huongezeka kadiri shimo linavyozidi kina.

Chini ya mbari hii wamo vijana wa koleo, wanaolipwa na wapitao ili wazibe shimo. Hawa ndio wanafunzi halisi wa Simon: shimo huzibwa kiasi cha kutosha lori moja.

Mbari ya pili ni ya barza, ambako wazee huketi asubuhi kuamua lililokwisha amuliwa usiku na kina mama. Hatuna la kuongeza. Tulikatazwa kuwahoji kina mama, na waliotukataza ni wao.

Mbari ya tatu, ya mchimba dhahabu, ni ngumu zaidi. Achimbe tena au aondoke? Swali ni zuri ila haulizwi yeye. Ameshakula kwa mkopo mchele wa PDG, yaani mwenye shimo, kwa hiyo anayeamua yuko mjini, hajashika sururu, na dhahabu isipoonekana ni mchimbaji aliyechagua vibaya.

Mbari ya nne, ya watafiti, bado inachunguzwa. Tulipiga kura: turudi Kisangani au tuendelee hadi Nia-Nia? Kurudi kulishinda kwa kura nyingi. Lori lilikuwa linaelekea Nia-Nia.